Yakini ya Tarakimu Thelathini na Tisa

Mnamo mwaka 1876 mwalimu mmoja wa Kifaransa aitwaye Édouard Lucas, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, aliwatangazia wanazuoni wa Paris kwamba ukiandika 2 mara 127, ukazizidisha zote pamoja, kisha ukaondoa 1 katika jawabu lake, namba utakayobaki nayo ni tasa. Yaani, haigawanyiki sawasawa kwa namba nyingine yoyote ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Namba yenyewe, kwa msomaji atakaye kuiona, ni hii: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Ina tarakimu 39. Kwa muda wa miaka 75 hapakutokea mtu ulimwenguni aliyeweza kuonyesha namba tasa kubwa kuliko hiyo, na hata baada ya mashine za kuhesabu kuingia uwanjani na kuipita mbali, namba ya Lucas bado inahesabiwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa kwa kichwa na mkono wa mwanadamu, pasipo msaada wa chombo chenye magurudumu wala umeme.

Ukubwa peke yake si fahari, kwani mtoto yeyote aweza kuandika namba ya tarakimu 40 akaipita hiyo. Linalostahili kutazamwa kwa makini, na ambalo kwangu mimi ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo akili ya binadamu imepata kuyatenda, ni ile yakini: mtu huyu alijuaje, hali hakuigawa namba hiyo kwa chochote, na lau angethubutu kuigawa angefika kaburini kabla ya kufika popote?

Kwanza tukumbushane jambo ambalo wengi wetu tulilipita shuleni kwa haraka. Chukua kete 12 za bao: waweza kuzipanga safu tatu za kete nne nne, au safu mbili za kete sita sita, na mstatili ukatimia. Ongeza kete moja, ziwe 13, kisha zipange upendavyo. Utapata safu moja ndefu tu, kwani mpango mwingine wowote utapungukiwa. Kila namba kamili iliyozidi 1 ama ni tasa, ama imejengwa kwa tasa zilizozidishwa pamoja, na kwa njia moja tu isiyobadilika, kama vile 12 ilivyojengwa kwa 2, 2 na 3. Euclid wa Iskandaria alithibitisha, yapata miaka 2,300 iliyopita, kwamba namba tasa hazina mwisho. Walakini kujua kwamba zipo bila ya ukomo ni jambo moja, na kuishika moja kubwa ukaionyesha mbele ya watu ni jambo jingine, tena zito zaidi.

Njia ya kuikagua namba ambayo humjia kila mtu kwanza ni kuijaribu kwa vigawo, kimoja baada ya kimoja. Kwa 101 kazi ni nyepesi: haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 5, wala kwa 7, na hapo waweza kupumzika, kwa sababu kigawo kikubwa kuliko 10 kingedai mwenziwe aliye mdogo kuliko 10, naye tumekwisha kumkosa. Kwa namba ya Lucas jaribio la namna hiyo lingebidi liendelee hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni namba ya tarakimu 20. Tuseme unayo mashine ifanyayo migawanyo milioni moja kwa kila nukta: ukiijaribu kwa namba witiri peke yake ungemaliza baada ya miaka 200,000 na zaidi. Kanuni walizoziacha Fermat na Euler hupunguza mzigo huo, maana wao walionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kama kingekuwapo, lazima kikigawanywa kwa 254 kibakishe 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Lakini hata baada ya punguzo hilo kubwa, mashine yako ingekesha kazini kwa karne nane.

Ipo njia nyingine, nayo yatoka mashariki. Ibn al-Haytham, bingwa wa Basra aliyemaliza maisha yake Kairo kiasi cha mwaka 1040, na ambaye watu humkumbuka zaidi kwa elimu ya nuru na macho, aliijua kanuni hii: ukizidisha pamoja namba zote kuanzia 1 hadi ile iliyo nyuma ya namba yako, kisha ukaongeza 1, jawabu litagawanyika kwa namba yako ikiwa ni tasa. Kwa 7, zidisha 1, 2, 3, 4, 5 na 6, upate 720. Ongeza 1, upate 721, ambayo ni 7 mara 103. Kwa 6, utapata 120 na 1, yaani 121, wala haigawanyiki kwa 6. Wazungu huiita kanuni hii kwa jina la Mwingereza Wilson, aliyeishi zaidi ya miaka 700 baada ya Ibn al-Haytham. Hapa kwa mara ya kwanza twaona kwamba utasa wa namba waweza kudhihirika kwa alama yake yenyewe, bila ya kutafuta vigawo. Bahati mbaya ni kwamba, kwa namba kubwa, kuzidisha kote huko ni kazi kubwa kuliko kugawa.

Namba za umbo la Lucas, yaani 2 iliyozidishwa mara kadhaa kisha ikaondolewa 1, zina jina la mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 aliandika katika dibaji ya kitabu chake kwamba umbo hilo huzaa tasa kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, wala kwa kipeo kingine chochote kisichozidi 257. Mersenne hakuacha burhani yoyote, na ni dhahiri kwamba asingeweza kuzipima namba zile kubwa. Kuikagua orodha yake yote kuliwachukua wanahesabu miaka 300: ikaonekana kwamba 67 na 257 hazimo, na kwamba alizisahau 61, 89 na 107. Lakini juu ya 127 alisema kweli, na Lucas ndiye aliyemtolea ushahidi.

Ushahidi wenyewe umejengwa juu ya mfuatano wa hesabu ambao chimbuko lake ni Leonardo wa Pisa, kwa jina jingine Fibonacci, aliyejifunza tarakimu za Kihindi akiwa kijana katika bandari ya Bugia, pwani ya Algeria, ambako baba yake alikuwa na kazi miongoni mwa wafanyabiashara wa Pisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1202 aliuliza swali la sungura wazaanao, na jawabu likawa mfuatano ambao ndani yake kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, na kuendelea. Lucas aligundua kwamba mfuatano huu una adabu kali mbele ya namba tasa. Kila tasa huingia humo mahali fulani, ikaigawa namba iliyopo hapo. Na ikishaingia mara ya kwanza, hurejea katika marudufu ya nafasi hiyo, si penginepo. Saba huingia kwenye nafasi ya 8, iliyokaliwa na 21, kisha huja nafasi ya 16, na ya 24, na kadhalika. Zaidi ya hayo, hakuna tasa ichelewayo kuingia kupita nafasi iliyoizidi tasa yenyewe kwa 1: kwa 7 mwisho wa kusubiri ni nafasi ya 8, kwa 13 mwisho wa kusubiri ni nafasi ya 14.

Mambo haya mawili yatosha, ukiyashika vema, kuifungua namba ya tarakimu 39. Iongeze 1, nawe utapata 2 kwa kipeo cha 127, namba isiyo na kitu ndani yake ila 2 na 2 na 2. Lucas alitazama nafasi hiyo katika mfuatano wa Fibonacci, na nafasi iliyo nusu yake, yaani ya 2 kwa kipeo cha 126. Tuseme imedhihirika kwamba namba yetu huigawa ile ya nafasi ya mwisho, na kwamba hakuna kigawo chake hata kimoja kilichogusa ile ya nafasi ya nusu. Sasa aje mtu adai kwamba namba hiyo ina kigawo tasa kilichojificha. Kigawo hicho kimefika nafasi ya mwisho pamoja na namba yenyewe, kwa hiyo nafasi yake ya kwanza lazima iwe yaigawa nafasi hiyo ya mwisho, nayo ni kipeo cha 2. Lakini kipeo cha 2 chochote kilicho kidogo zaidi chaigawa pia nafasi ya nusu, ambako tumekwisha kuhakikisha kwamba kigawo hicho hakikufika. Basi mara yake ya kwanza kuingia ni pale mwisho kabisa. Na kwa kuwa hakuna tasa ichelewayo kupita nafasi iliyoizidi kwa 1, kigawo hicho hakiwezi kuwa pungufu ya 2 kwa kipeo cha 127 kasoro 1, nayo ndiyo namba yenyewe. Mdai hana kitu mkononi. Namba ni tasa, na hakuna aliyeigawa.

Hesabu iliyokaa kwenye nafasi hizo kuu haiwezi kuandikwa, kwani tarakimu zake zingejaza dunia, lakini kuiandika si lazima. Kinachotakiwa ni kujua tu kama baki lake ni sifuri au la, na hilo hudhihirika kwa kanuni fupi ya ajabu. Anza na 3. Izidishe kwa nafsi yake, ondoa 2, upate 7. Izidishe 7 kwa nafsi yake, ondoa 2, upate 47. Endelea hivyo, na kila jawabu likiizidi namba unayoipima, igawe na ushike baki peke yake. Tuifanye kwa 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7 kasoro 1, ili msomaji mwenye kalamu aweze kufuatana nasi: 3, kisha 7, kisha 47, 47 hutupa 2207, ambayo ikigawanywa kwa 127 hubakisha 48, 48 hutupa 2302, ambayo hubakisha 16, 16 hutupa 254, ambayo ni 127 mara mbili barabara, na baki ni 0. Ile sifuri iliyokuja baada ya hatua 5, yaani kipeo kasoro 2, ndiyo hati ya utasa wa 127. Sasa ifanye kwa 2047, ambayo kipeo chake ni 11, na ambayo twajua kwamba ni 23 mara 89: utapata 3, 7, 47, 160, 1034, 620, 1609, 1471, kisha 160 tena, na 1034 tena, na kuanzia hapo hesabu huzunguka milele katika duara lile lile la namba tano, wala sifuri haitaiona kamwe. Nimeyaeleza haya mawili kwa kirefu kwa sababu sijui mahali pengine ambapo hesabu ya kawaida, ya kuzidisha na kutoa, humtolea mtu hukumu iliyo wazi kiasi hiki. Kanuni hii ya kuanza na 3 hufaa vipeo ambavyo vikigawanywa kwa 4 hubakisha 3, na 127 ni kimojawapo. Mmarekani D. H. Lehmer aliitengeneza upya mnamo 1930, ikaanza na 4 na kufaa vipeo tasa vyote vilivyozidi 2.

Kwa namba yenyewe ya tarakimu 39, hatua zilikuwa 125, na kila hatua yadai kuzidisha namba ya tarakimu 39 kwa nafsi yake na kutafuta baki. Lucas alipanga kazi hiyo juu ya ubao mfano wa sataranji wenye miraba 127 kwa 127, akiandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, ambapo mraba wenye kete ni 1 na mraba mtupu ni 0. Ubao huo ulifaa kwa sababu ya tabia ya pekee ya namba hii: ikiandikwa kwa 0 na 1, ni 1 zilizojipanga mia moja na ishirini na saba bila ya sifuri hata moja, na kila kinachovuka ukingo wa kushoto, badala ya kugawanywa kwa taabu, hurudi tu kuingia kwa ukingo wa kulia. Kugawa kukawa ni kuhamisha kete. Mwaka 1914 mwanahesabu wa Kifaransa, Fauquembergue, aliifanya hesabu hiyo upya kwa tarakimu za 0 na 1, naye akaiona sifuri.

Mwaka ule ule wa 1876 Lucas alitoa hukumu nyingine, ambayo kwa wengi ilikuwa ngumu zaidi kuipokea: alisema kwamba 2 kwa kipeo cha 67 kasoro 1, namba ambayo Mersenne aliitia katika orodha yake, si tasa. Alipoulizwa vigawo vyake, hakuwa navyo. Kipimo kilikataa, basi namba ile yagawanyika. Kwa nini na nini, hakuna aliyejua. Hali hiyo ilidumu miaka 27, hadi Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alipopanda jukwaani mbele ya chama cha wanahesabu wa Marekani, na husimuliwa kwamba hakutamka neno: upande mmoja wa ubao alikokotoa 147,573,952,589,676,412,927, upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majibu yakalingana, akarudi kuketi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi yale Cole aliyastahili. Lakini mimi huona kwamba Lucas alistahili sehemu yake, kwa kuwa alijua kwamba vile viwili vipo kabla mtu yeyote hajaviona.

Sifa nyingine za namba hii nitazipitia kwa wepesi. Ikigawanywa kwa 4 hubakisha 3, kwa hiyo, kwa kanuni ya Fermat, haiwezi kuwa jumla ya namba mbili za mraba. Jirani yake wa juu, kama tulivyoona, ni 2 tupu. Jirani yake wa chini ana umati wa vigawo, miongoni mwao 3, 7, 19, 43, 73 na 127 yenyewe. Tena huzaa namba kamilifu, zile ambazo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko zenyewe, kama 6 iliyo jumla ya 1, 2 na 3, au 28 iliyo jumla ya 1, 2, 4, 7 na 14: ukiizidisha namba ya Lucas kwa 2 kwa kipeo cha 126 utapata namba kamilifu ya tarakimu 77, ambayo ni ya kumi na mbili kwa kuzipanga kuanzia ndogo. Hata wahandisi wa zama hizi wameipatia kazi. Ule wepesi wa kurudisha kete ukingoni huzifaa mashine kama ulivyomfaa Lucas, na mwaka 2015 watafiti wawili, Costello na Longa, walijenga juu yake njia ya kufunga siri za mawasiliano waliyoiita FourQ.

Lucas alifariki mwaka 1891, akiwa hajatimiza miaka hamsini, baada ya kipande cha chombo kilichovunjika karamuni kumkata shavuni na jeraha kuingia maradhi. Rekodi yake ilivunjwa mwaka 1951, na mojawapo ya namba zilizoivunja, iliyopatikana kwa mashine ya Cambridge, ilijengwa kwa namba yake mwenyewe: walichukua 180, wakaizidisha kwa mraba wa namba ya Lucas, wakaongeza 1, ikawa tasa yenye tarakimu 79. Januari 1952, mjini Los Angeles, programu ya Raphael Robinson ilivipata vipeo 521 na 607 kwa siku moja. Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani, akishiriki katika msako ulioasisiwa na George Woltman mwaka 1996, alikipata kipeo 136,279,841, nacho huzaa tasa ya tarakimu 41,024,320, iliyo kubwa kuliko zote zijulikanazo ninapoandika haya. Hukumu ya mwisho juu yake ilitolewa kwa kipimo cha Lucas kama alivyokinyoosha Lehmer.

Limebaki swali moja ambalo mashine hizo haziwezi kuligusa. Mwaka ule ule wa 1876 Eugène Catalan wa Ubelgiji aliona kwamba 2 kwa kipeo cha 2 kasoro 1 ni 3. Kwamba 2 kwa kipeo cha 3 kasoro 1 ni 7. Kwa kipeo cha 7, ni 127. Na kwa kipeo cha 127, ni namba ya Lucas. Na zote ni tasa. Je, 2 kwa kipeo cha namba ya Lucas, kasoro 1, nayo ni tasa? Kipimo cha Lucas hakifai hapo, kwa kuwa hatua zake zingekuwa karibu nyingi kama namba yenyewe ya tarakimu 39, na namba ipimwayo haiwezi kuandikwa mahali popote. Lililobaki ni kutafuta kigawo. Kigawo hicho, kama kipo, lazima kiwe ni marudufu ya mara mbili ya namba ya Lucas pamoja na 1 juu yake, na watu wamekuwa wakiyapima marudufu hayo moja baada ya moja. Hadi sasa hakijapatikana hata kimoja.